Msumari, Kamba na Tochi: Jinsi ya Kuchora Shimo Lisilokuwepo

Kabla hujanunua chaki hata moja, tafuta msumari wa zege na kamba ya fundi ujenzi. Watu wengi wanaoona kwenye simu zile picha za 3D za sakafuni, mashimo yenye maji, nyufa za kutisha, samaki wanaoruka kutoka kwenye lami, hudhani siri iko kwenye mkono wa mchoraji. Wanakimbilia rangi. Wakimaliza, picha imelala chini kama kitenge kilichoanikwa, na wapita njia wanaikanyaga bila kusita. Siri iko mahali aliposimama mtazamaji. Picha ya namna hii huchorwa kwa ajili ya jicho moja, lililo sehemu moja, kwa kimo kimoja. Lihamishe hatua mbili kushoto, na shimo linageuka kuwa madoa marefu yasiyo na maana. Kwa hiyo jicho hupangwa kwanza, na kila mstari unalifuata.

Mwongozo huu nimeuandika nikiifikiria Kigoma, kwa sababu Kigoma ina mambo yake: ardhi imejaa vilima, jua linafika utosini saa nzima baada ya saa sita, na mawese humwagika kwenye saruji ambayo ungependa ibaki kavu. Msomaji wa Tabora au Bujumbura atabadilisha mawili matatu, kazi iendelee.

Waliotangulia

Kiinimacho hiki ni cha zamani kuliko lami. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora mabalozi wawili wamesimama, na chini yao akaweka umbo la ajabu lililovutwa ambalo, ukilitazama kutoka pembeni mwa picha, linakuwa fuvu la kichwa. Picha hiyo iko London mpaka leo. Andrea Pozzo, bruda wa Wajesuiti, alichora dari ya kanisa la Sant'Ignazio mjini Rome ionekane inafunguka hadi mbinguni, kazi iliyokamilika mwaka 1694. Sakafuni kuna duara la marumaru linalokuonyesha pa kusimama. Ukilitoka, nguzo za dari zinaanza kuegemea. Likumbuke hilo duara, tutalihitaji.

Barabarani, Waitalia walikuwa na desturi ya kuchora Bikira Maria kwa chaki siku za sikukuu, na wachoraji hao waliitwa madonnari. Kurt Wenner, Mmarekani aliyekuwa akichora picha za kitaalamu NASA, aliungana nao Rome mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaichukua hesabu ya dari za makanisa na kuishusha chini ya miguu ya watu. Mwingereza Julian Beever akafuata miaka ya 1990, na mwaka 2008 Mjerumani Edgar Mueller alichora ufa mkubwa wa barafu kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Dún Laoghaire, Ireland.

Kwetu historia ya rangi ilipita njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kupaka baiskeli, alichora mnyama anavyojulikana: miguu yote minne, madoa yote, hakuna kilichofichwa nyuma ya kingine. Jicho lililokuzwa na picha hizo lina kazi ya ziada hapa, kwa sababu utatakiwa kuchora kitu kinavyoonekana, hata kama mkono wako unakataa. Mtu aliye karibu zaidi na kazi hii mtaani kwako ni fundi wa kuandika mabango. Mwangalie anavyoandika jina la saluni au la boti: akishajaza herufi, anaongeza mstari mweusi upande mmoja na chini, na jina linasimama mbele ya mbao. Kama yupo karibu, kaa naye siku moja. Ataisahihisha hata chaki yako.

Pa kuchorea

Barabara yenyewe iache. Shimo la kuchora lililo bora ni hatari kuliko shimo la kweli, kwa sababu dereva wa bodaboda hatalipunguzia mwendo, atalikwepa ghafla. Ni kweli kwamba mwaka 2017 mji mdogo wa Ísafjörður huko Iceland ulichora kivuko cha pundamilia kinachoonekana kuelea hewani ili madereva wapunguze mwendo, lakini ule ulikuwa uamuzi wa wenye barabara. Wewe chagua sakafu ya watembea kwa miguu: uwanja wa shule, baraza pana la duka, eneo la wazi mbele ya ofisi, gati dogo lisilo na mizigo.

Ruhusa iombwe kwa mwenye sakafu, na ni vizuri mtendaji wa mtaa naye ajue. Kando ya barabara kuu, mwenye eneo ni TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA. Bandarini ni mamlaka ya bandari. Sokoni ni Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Chaki hufutika kwa maji, liseme hilo mapema, tena kwa sauti. Maafisa wengi wanaogopa rangi ya mafuta, na ukiwaonyesha chaki na ndoo ya maji mkutano unakuwa mfupi.

Sakafu iwe laini na ya rangi moja. Saruji iliyopigwa vizuri inafaa kuliko vitofali vya pevingi, maana mistari ya vitofali inaendelea katikati ya picha yako na kuliambia jicho kwamba hapa ni tambarare tu. Lami nyeusi inapokea shimo vizuri, kwa kuwa giza tayari lipo; saruji nyeupe inapokea vitu vinavyosimama, kwa kuwa kivuli kinaonekana. Mahali popote panapouzwa mawese, mwaga maji kwanza: yakikusanyika kama shanga badala ya kuenea, kuna mafuta, na chaki haitashika. Sugua kwa sabuni ya kipande na brashi ngumu, suuza, subiri pakauke kabisa. Sabuni ya mawese yenyewe inaondoa mawese, haina kinyongo.

Hesabu moja inayotosha

Piga msumari kwenye ufa, au kama sakafu haina ufa, weka tofali lenye alama. Hapo ndipo mguu wa mtazamaji. Juu yake, sentimita 150 kutoka chini, ndipo lilipo jicho. Kwa kuwa siku hizi jicho halisi ni simu, chomeka mti ulionyooka kwenye ndoo ya mchanga, funga simu, na upime hadi kwenye lenzi yenyewe, siyo hadi juu ya simu. Tumia kamera ya kawaida. Ile inayopanua picha inapindisha mistari, na utakuwa unasahihisha makosa ya kioo.

Nyosha kamba kutoka msumarini kwenda mbele. Huo ni mstari wa katikati. Mistari ya kukata, ipige kwa tatu-nne-tano kama mafundi wanavyopata kona ya msingi wa nyumba.

Sasa hesabu. Chukua kimo cha jicho. Kigawe kwa kimo cha jicho ukiwa umeshatoa kimo cha kitu unachotaka kisimame. Jibu ndilo la kuzidisha umbali na upana wa sehemu ya juu ya kitu hicho. Tuseme unataka sanduku lenye kimo cha sm 30, upana sm 40 na urefu wa kwenda nyuma sm 40, na uso wake wa mbele uwe mita 3 kutoka msumarini. Jicho ni 150. 150 toa 30 ni 120. 150 gawanya kwa 120 ni 1.25.

Chini ya sanduku, mbele, piga mstari wa sm 40 kwenye mita 3. Ukingo wa juu wa uso huohuo hautachorwa juu yake, maana sakafu haina juu. Utachorwa mbali zaidi: mita 3 mara 1.25, yaani mita 3.75, na upana wake sm 40 mara 1.25, yaani sm 50. Ukingo wa juu wa nyuma, ambao kikweli uko mita 3.4, unaangukia mita 4.25, nao una upana wa sm 50. Unganisha. Una uso wa mbele unaopanuka kadiri unavyokwenda mbali, na mfuniko wa mraba wa sm 50 kwa 50. Ukiutazama kutoka juu, ni upuuzi. Rudi msumarini, fumba jicho moja, na sanduku liko pale.

Ukiangalia utaona jambo ambalo litakuokoa kazi nyingi: kingo mbili za kusimama, ya kushoto na ya kulia, zinaelekea msumarini. Hiyo ni kanuni isiyo na ubaguzi. Kila kitu kilichosimama wima duniani, nguzo, ukuta, mguu wa meza, mwembe, kikichorwa sakafuni kinafuata mstari unaotoka kwenye mguu wa mtazamaji. Kwa hiyo kamba yako isifunguliwe msumarini mpaka picha iishe. Kila ukihitaji mstari wa kusimama, ivute hadi kona inayohusika, na uchore ubavuni mwake.

Shimo linafuata hesabu hiyohiyo ikiwa imegeuzwa: badala ya kutoa, unajumlisha. Shimo la kina cha mita 1 ni 150 gawanya kwa 250, yaani 0.6. Mdomo wa shimo uanze mita 2.5 na uishie mita 5, upana wake mita 2. Chora mstatili huo kwanza. Ukuta wa mbali una kichwa kwenye mita 5. Chini yake kunaangukia mita 5 mara 0.6, ambayo ni mita 3, kwa upana wa mita 1.2. Vuta kamba kutoka msumarini hadi kona mbili za mbali, na utaona inapita juu kabisa ya ncha za ule mstari wa mita 1.2. Kama haipiti, umekosea kupima. Kutoka kwenye ncha hizo, sakafu ya shimo inakuja kwako kwa mistari miwili iliyo sambamba na mstari wa katikati, hadi inapokatwa na mdomo kwenye mita 2.5. Sehemu kubwa ya mstatili imekuwa ukuta wa mbali na kuta za pembeni. Sakafu ya shimo ni ukanda mwembamba wa sm 50 tu.

Mipaka ipo. Kitu chenye kimo cha sm 75 kinasukuma kichwa chake mara mbili ya umbali, na kitu kinachofikia kimo cha jicho hakiishi, kinaenda mpaka Tabora. Mwanafunzi asipite sm 60. Upande wa chini nao una mzaha wake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote. Ukitaka shimo letu liwe na kina hicho, chini ya ukuta wa mbali kutaangukia milimita 5 kutoka kwenye msumari, nje kabisa ya mdomo. Yaani hakuna cha kuchora huko isipokuwa giza. Anayetaka kina cha ziwa ajaze maji yanayozidi kuwa meusi, aache hesabu ipumzike.

Njia ya tochi

Hesabu inafaa masanduku na mashimo ya mraba. Samaki kama mgebuka hana kona. Na sakafu nyingi za Kigoma zina mteremko, kwa sababu mji wenyewe unapanda kutoka ziwani na stesheni ya reli kwenda eneo la Mwanga, na hesabu niliyoitoa inadai sakafu iliyolala sawasawa. Kwa hayo yote kuna njia ambayo mimi huipenda kuliko zote, na haina gharama.

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na mstari huo ni uleule ukienda au ukirudi. Ukiweka tochi mahali hasa litakapokuwa jicho, kivuli cha kitu chochote kilicho mbele yake kinaangukia sakafuni kwa umbo lilelile unalotakiwa kuchora. Hakuna cha kukokotoa. Sakafu ikiwa na mteremko, au ngazi, au kifusi, kivuli kinapinda chenyewe inavyotakiwa.

Subiri giza. Kigoma jua linazama karibu na saa moja jioni, kwa hiyo saa mbili kazi inaanza vizuri. Wavuvi wa dagaa wanaojua kazi ya taa watakuambia mbalamwezi ni adui. Usiku wanaopumzika wao kwa sababu ya mwezi mpevu, nawe pumzika. Funga simu mtini, sm 150 juu ya msumari, washa tochi yake na uielekeze mbele. Tochi ya simu inafaa kwa sababu chanzo chake ni kidogo na kivuli kinatoka na ukingo mkali. Taa ya chemli au karabai ina mwanga mpana, nayo hutoa kivuli chenye ukungu.

Kata mgebuka kwa boksi gumu, kwa ukubwa unaoutaka, mkia chini kichwa juu, amepinda kidogo kama anayeruka. Msimamishe kwa waya mita 3 kutoka msumarini akitazamana na tochi, tumbo lake likiwa sm 20 juu ya sakafu. Kivuli chake kitalala chini, kirefu, kichwa kikiwa kimevimba. Mchore huyo, hata kama mkono unataka kumrekebisha. Kwa sanduku au ngazi, tumia fremu ya fito zilizofungwa kwa uzi badala ya boksi zima, ili kingo za ndani nazo zitupe vivuli vyake. Kabla ya kuondoa kitu, weka alama ndogo pale chini yake hasa. Alama hiyo utaililia kesho usipoiweka, kwa sababu ndipo kivuli cha jua kitakapoanzia.

Tochi haiwezi kukuchorea shimo, maana hakuna kitu chini ya sakafu cha kutupa kivuli. Mashimo yabaki kwenye hesabu.

Jua la saa saba

Saa zetu zinafuata mstari unaopita mbali upande wa mashariki, huku Kigoma ikiwa ukingo wa magharibi kabisa wa nchi. Matokeo yake, jua la Kigoma linafika juu kabisa karibu na saa saba mchana, wakati watu wa Dar es Salaam wanalipata kabla ya saa saba kufika. Mwongozo wowote unaosema usichore vivuli vya saa sita, ongeza saa moja.

Kivuli cha kuchora lazima kikubaliane na kivuli cha kweli cha miguu ya watazamaji. Visipokubaliana, mtu hatajua kosa liko wapi, ila hataamini. Kwa hiyo amua watu watakuja saa ngapi, kisha simamisha fito ya sm 30 pale kwenye alama saa hiyo, uchore kivuli chake kilivyo. Saa kumi na moja jioni kivuli kinakuwa karibu mara mbili ya kimo cha fito, kikielekea mashariki, na kwangu ndiyo saa nzuri kuliko zote: watu wametoka kazini, joto limepungua, na mwanga wa kutoka juu ya milima ya Kongo unapiga kwa ubavu. Adhuhuri ni saa mbaya. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa saba linasimama utosini Kigoma, vivuli vinajificha chini ya vitu, na picha yenye kivuli kirefu inaonekana ya kubandikwa. Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini.

Kutokana na hayo, panga mtazamaji aangalie kaskazini au kusini. Akiangalia mashariki jioni, kivuli chake mwenyewe kinaanguka juu ya picha. Akiangalia magharibi, jua linampiga machoni na kamera inaungua. Mwambao unaelekea kaskazini na kusini kwa sehemu kubwa, hivyo njia nyingi zinazofuata ufuko zimeshakupangia.

Chaki, mkaa na jasi

Chaki za shule zinatosha kwa zoezi la kwanza, ingawa ni ngumu na rangi zake zimepauka. Unaweza kutengeneza zako. Nunua jasi ya unga, ile ya kuzibia dari, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na rangi za unga ambazo mafundi huchanganya kwenye sakafu za saruji: nyekundu, njano, nyeusi, kijani. Changanya jasi vikombe viwili na maji kikombe kimoja, ongeza rangi mpaka ikolee kupita unavyotaka, maana ikikauka inapauka. Mimina kwenye vipande vya bomba dogo la plastiki vilivyopakwa sabuni ndani. Inaganda upesi, ndani ya nusu saa, kwa hiyo usichanganye nyingi. Iache siku mbili tatu ikauke kabla ya kutumia.

Nyeusi ya bei nafuu ni mkaa wa jikoni. Kwa shimo hakuna kinachoushinda. Chokaa nyeupe inavutia, lakini chokaa inaunguza macho na ngozi; iache kwa wapaka kuta. Vaa barakoa unaposugua, kwa sababu utasugua sana. Weka kipande cha godoro chini ya magoti.

Anza na sehemu iliyo mbali na msumari, uje nyuma kuelekea kwako, usije ukakanyaga ulichochora. Jaza rangi ya kati kwanza, halafu giza, mwanga uje mwisho. Sambaza kwa kiganja au soksi kuukuu. Kwenye shimo, ukuta unaopigwa na jua uwe na rangi ya sakafu iliyopunguzwa kidogo, ukuta wa upande wa jua uwe na giza, na kuta zote zizidi kuwa nyeusi kadiri zinavyoshuka. Kisha ukingo. Mdomo wa shimo upewe unene wa saruji, sentimita tatu au nne, na mstari mweupe mkali pale jua linapogusa. Nimeona mashimo yaliyochorwa kwa uvumilivu mkubwa yakifa kwa kukosa mstari huo mmoja. Kwa mgebuka anayeruka, mwache mbali na kivuli chake. Ile nafasi tupu kati ya tumbo na kivuli ndiyo inayomnyanyua. Ukiviunganisha, analala.

Kila robo saa rudi kwenye simu uangalie. Ukiwa na msaidizi, yeye akae kwenye simu na akuelekeze, kushoto kidogo, rudi, hapo hapo. Kazi inakwenda kasi mara mbili.

Msimu ni kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Nje ya hapo chora asubuhi, upige picha kabla mawingu hayajajikusanya, na usilaumu mtu.

Uchore nini

Livingstone na Stanley wameshachorwa vya kutosha. Kila mgeni anayefika Ujiji anapelekwa kwenye eneo la miembe walipokutana mwaka 1871, na sioni sakafu itawaongezea nini wazee wale wawili. Kiinimacho kinapenda kitu kinachotoka ardhini au kilichozama, na Kigoma ina vyote viwili.

Kwa kilichozama, ningechora meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli ya kati mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kupaka injini grisi nzito ili maji yasiziharibu. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Sasa ona una nini mkononi: shimo kwenye saruji karibu na maji, maji ya kijani ndani yake, na chini, kwa rangi hafifu, bomba la moshi na sitaha iliyolala ubavu. Kuta zichore kwa ile hesabu ya 0.6. Meli ichore ndogo na uifunike kwa bluu iliyosuguliwa, bila mistari mikali, kwa sababu maji hula kingo. Na kama shimo linakushinda, yapo yale masanduku 5,000. Umeshajifunza la kwanza.

Kwa kinachotoka, wapo samaki. Mgebuka ni rahisi kwa umbo lake jembamba. Kuhe ana madoa na mgongo mzito, anahitaji kivuli kingi. Dagaa mmoja hana faida, lakini dagaa mia wanaotoka kwenye ufa mmoja kule Kibirizi, wanakoanikwa kwa maelfu, watawachekesha hata akina mama wanaowageuza juani.

Watakaosimama

Rudi kwenye lile duara la Pozzo. Ng'oa msumari, na mahali pake chora nyayo mbili, za rangi ya njano, vidole vikielekea picha. Bila nyayo watu watasimama pembeni, watasema ni uchafu, na watakuwa na haki. Zikiwepo, foleni inajipanga yenyewe. Waambie watazame kupitia simu au wafumbe jicho moja, maana macho mawili kwa pamoja yanapima umbali na kugundua kwamba sakafu ni sakafu. Mweke mtu ndani ya picha: mguu mmoja juu ya sanduku, mikono imepanuliwa ukingoni mwa shimo. Mtu wa kweli ndiye anayeifanya picha iaminike. Mwenye duka akiona watu wanapiga picha mbele ya baraza lake, ndiyo saa ya kumtajia bei ya kazi ya rangi ya mafuta itakayokaa. Itaje siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wapo.

Ukipata kazi shuleni, usipeleke vipimo vya mtu mzima. Jicho la mtoto wa darasa la pili liko karibu sm 110 kutoka chini. Sanduku lilelile la sm 30 kwenye mita 3 linataka 110 gawanya kwa 80, na ukingo wa juu wa mbele unasogea hadi zaidi ya mita 4.1. Mwalimu mkuu akija kulikagua na kulalamika kwamba sanduku limevutwa kupita kiasi, mwombe apige goti.